Sheria ya Maji

Mashine ilikaa na unga wa gego la Chubwa kwa dakika kumi na moja. Kwa kawaida dakika nne zilitosha. Dorkasi alikuwa ameiendesha mashine ile kwa miaka sita, na alijua kwamba ikichelewa namna hiyo inatafuta mahali pa kumweka mtu na haijapaona.

"Inatafuna kama mbuzi mzee," alisema Chubwa. Alikuwa mfyatua matofali wa kijiji cha Nyamhoza, mtu wa miaka sitini na moja, mabega mapana, viganja vimepasuka. Shavu lake la kulia lilikuwa bado na ganzi, kwa hiyo maneno yalimtoka upande mmoja. "Mwambie ameze tu, mama. Nimeacha tanuru linawaka."

"Subiri kidogo, mzee wangu."

Watu wa wilaya ya Kisanza waliiita mashine hiyo Mwonjaji, maana kazi yake ilikuwa kuonja. Ilikwangua unga kidogo wa gego la kwanza, lile ambalo huanza kujengwa mtoto akiwa tumboni na kukamilika akiwa na miaka mitatu hivi, kisha ikausoma. Kila mwamba una madini yake, na maji yanayopita katika mwamba huyabeba. Mama huyanywa, mtoto huyanyonya, na jino likishakomaa halibadiliki tena mpaka kaburini. Serikali ilikuwa imepima kila kisima, kila mto na kila chemchemi ya Jamhuri, ikaandika yote katika Daftari la Maji. Jino lililolingana na Daftari lilikuwa la mwananchi. Lisilolingana lilikuwa la mgeni, na mwenye jino alifuata jino lake.

Kioo kiliwaka rangi ya njano. Dorkasi alisoma, akasoma tena.

"Mzee Chubwa, inasema maji yako ya utotoni si ya huku kwetu."

Chubwa alicheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. "Mwambie airudie. Kaka yangu Bitwale alikalia kiti hiki hiki mwezi wa nne, akapewa kadi yake. Tumbo moja, nyumba moja, kisima kimoja. Au mama yetu alikuwa akinitekea mimi maji ya peke yangu ng'ambo ya mto?"

Dorkasi alirudia. Sheria iliruhusu mara moja tu. Kioo kiliwaka njano kama mwanzo, na kabla hajavua glavu matokeo yalikuwa yamekwisha kufika makao makuu, kwa kuwa Mwonjaji hakumsubiri mtu kutuma habari zake. Karatasi ilijitoa ubavuni mwa mashine. Siku kumi na mbili za rufaa, kisha gari la Alhamisi hadi daraja la mpakani.

Chubwa aliishika karatasi ile bila kuisoma. Kisha akatoa mfuko wa nailoni kifuani, akaufungua juu ya meza ya vipimo, mahali ambapo mtu hakuruhusiwa kuweka hata kidole. Dorkasi hakumzuia.

"Hiki ni kipande cha kodi cha babu, cha wakati wa wazungu. Wakati ule walitaka mtu ahesabiwe tu, hawakuuliza umetoka wapi. Uhuru ulipokuja wakasema kipande ni alama ya utumwa, leteni barua ya mjumbe. Hii hapa ya baba. Vita ilipolipuka ng'ambo na watu wakavuka, wakasema wajumbe wanauza barua, leteni mashahidi watatu wasio ndugu. Sasa Nyamhoza nzima nani si ndugu yangu? Tukaazima mashahidi kijiji cha pili kama mtu anavyoazima jembe." Alichomoa karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne. "Halafu ikaja Sheria ya Babu. Mwonyeshe afisa kaburi la babu yako mzaa baba. Nikamwonyesha. Alikalia kaburi akavuta sigara mpaka ikaisha, akagonga muhuri. Nilidhani ule ndio muhuri wa mwisho."

Dorkasi aliijua Sheria ya Babu kuliko alivyotaka. Wakati wa sheria ile watu walifukua makaburi yasiyo yao, wakavunjiwa nyumba kwa sababu ya lafudhi na pua. Sheria ya Maji ilipopitishwa, yeye mwenyewe alicheza ngoma barabarani pamoja na wengine. Jino halina kabila, walisema siku ile. Mashine haitamwangalia mtu usoni. Aliacha ualimu wa sayansi kwa ajili ya neno hilo, akaomba kazi ya upimaji.

"Nitakuja kuchota maji ya kisima chenu," alisema. "Hilo naruhusiwa."

"Njoo," alisema Chubwa, akikusanya karatasi zake. "Na uje na njaa. Mama yetu mdogo hamruhusu mtu kuondoka na tumbo tupu, hata kama anakuja kumfukuza mwanawe."

*

Mama yao mdogo aliitwa Bibi Yasinta, na alikuwa amepita miaka tisini. Alikaa kwenye mkeka akichambua maharage kwa vidole, macho yakiwa hayamsaidii tena.

"Huyu ndiye anayeonja meno ya watu?" aliuliza.

"Ndiye, mama," alisema Bitwale. Alikuwa mtu mpole aliyemzidi Chubwa miaka mitatu, na tangu Dorkasi aingie uani hakuwa amekaa. Alikuwa kama mtu aliyepewa kitu cha mwenzake na hajui akirudisheje.

"Mbona mwembamba hivi?" alisema Bibi Yasinta, akiupapasa mkono wa Dorkasi. "Nilidhani kwa meno yote hayo angekuwa ameshiba."

Dorkasi alitekewa ndoo moja. Kipimo cha mkononi kilichukua dakika nne, na maji yale yalilingana na Daftari, yakalingana na jino la Bitwale, hayakukaribiana kabisa na jino la Chubwa. Alipima tena. Chubwa alisimama nyuma yake akipumua kwa nguvu, akinukia moshi wa tanuru.

"Bibi," aliuliza Dorkasi, "marehemu dada yako alihama wakati wowote? Alikwenda kukaa kwa watu?"

"Ahame aende wapi? Alizaa hapa, akafia hapa. Alikunywa tulichokunywa na kula tulichokula. Ugali wa muhogo, maharage, dagaa wakipatikana." Kikongwe alitupa punje moja mbovu nyuma ya bega. "Mimba ya huyu ilimtesa, lakini. Ya Bitwale haikuwa na shida, alikula udongo wa kilima cha Rwamba kama sisi sote. Ule ulikuwa udongo, mwanangu. Ukiuweka ulimini unasikia mvua ya kwanza. Hata wanawake wa ng'ambo walivuka mto na vikapu kuufuata, wakaenda kuuza masoko ya kule. Hakuna mtoto aliyezaliwa pande hizi mbili ambaye mama yake hakuutafuna."

"Na mimba ya Chubwa?"

"Shimo la Rwamba lilikuwa limeanguka. Lilifukia wanawake saba, mmoja ana mtoto mgongoni. Serikali ikapiga marufuku kuchimba, ikaweka mgambo kilimani miaka sita. Sasa mimba inamsikiliza mgambo? Wachuuzi wakaanza kutuletea udongo wa ng'ambo. Mchungu kama majivu. Dada yangu aliutafuna hivyo hivyo, amejibana pua, siku zote alizombeba huyu na siku zote alizomnyonyesha."

Dorkasi alikuwa na watoto wawili, na mimba zote mbili alikula udongo. Aliuficha kwenye kona ya kitenge, akaumega polepole hata kanisani, wakati mchungaji akihubiri. Kila mwanamke aliyemjua alifanya hivyo. Wale mabwana walioandika Daftari walikuwa wasomi wa kweli. Walipima chemchemi ambazo hata vyura walizihama, wakaandika tarakimu mpaka ya tano baada ya nukta. Hawakumwuliza mjamzito hata mmoja anatafuna nini. Madini ya udongo wa kutafuna huingia mwilini kwa wingi kuliko ya maji ya kunywa, na Mwonjaji alikuwa akisoma ule udongo miaka yote akidhani anasoma maji.

"Kwa hiyo si mgeni?" aliuliza Bitwale, na sauti yake ilipanda kama ya mtoto.

"Si mgeni."

Chubwa alipiga kofi moja kubwa lililowatisha kuku. "Basi andika, mama. Andika sasa hivi, nikazime tanuru."

*

Mkuu wa kituo aliitwa Nashoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kawaida ya kunyoa penseli kwa wembe wakati anasikiliza. Dorkasi alimwekea mezani orodha ya watu wa wilaya walioonekana kuwa wageni, mia mbili na kumi na wanne. Mia moja na tisini kati yao walizaliwa upande huu katika miaka ile sita ya marufuku ya Rwamba.

"Nataka kuandika cheti cha shaka," alisema.

Nashoni alimaliza penseli, akaipuliza. "Sasa tafuta Mihama."

"Mihama ina nini?"

"Tafuta tu."

Mihama ilikuwa makazi ya watu waliovuka wakati wa vita, watu elfu tisa pamoja na watoto na wajukuu. Wote walikuwa na kadi. Dorkasi aliita majina yao kwenye kioo, akawatenga wale waliozaliwa ng'ambo kabla ya kuvuka. Kila mmoja wao Mwonjaji alimsoma kuwa mtoto wa maji ya Kisanza. Akilini aliwaona wale wanawake na vikapu vyao, wakivuka kurudi kwao na udongo wa Rwamba, na vidole vyake vikasimama juu ya kioo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka wangu wa kwanza hapa. Nilijipima mwenyewe siku ya Jumapili, ofisi imefungwa." Nashoni alisema bila kumwangalia. "Mimi nilizaliwa ng'ambo, Dorkasi. Nilikuwa na miaka mitano tulipovuka. Nakumbuka mlango wa nyumba yetu ulikuwa wa bluu, na nakumbuka ulivyowaka. Nilikaa kwenye kiti kile nikiwa na mkoba wangu tayari, Mwonjaji akaniambia mimi ni wa Kisanza."

Wote wawili waliijua sheria kwa moyo. Walioiandika waliogopa rushwa, wakakataza mtu mmoja kutolewa peke yake. Daftari ni moja, likiwa kosa kwa mmoja ni kosa kwa wote. Cheti cha shaka kikitiwa saini, Daftari la wilaya linafungwa, kadi zote zilizotolewa kwa Daftari hilo zinakufa, na mpaka bunge litunge sheria mpya watu wanarudishwa katika sheria iliyotangulia.

"Sheria ya Babu," alisema Dorkasi.

"Chubwa atawaonyesha kaburi na atakuwa salama. Mihama hakuna kaburi la babu hata moja. Makaburi ya babu zetu hata kule hayapo, yalilimwa."

"Watoto wao wamezaliwa hapa."

"Watoto hufuata babu. Ndivyo ilivyoandikwa, na wewe ulisoma."

"Gego la mwisho je? Lile hujengwa mtoto akiwa mkubwa, anaposhinda akinywa maji ya kisima. Lingeonyesha Chubwa alikulia hapa."

"Sheria inasema gego la kwanza tu, ili aliyeingia akiwa mtoto asipite. Unadhani sikulifikiria?"

Dorkasi alivuta kiti akakaa, ingawa hakuwa amekaribishwa. "Kwa hiyo hawa mia na tisini waende?"

"Mia na sabini na wanane wamekwisha kwenda," alisema Nashoni. "Uliwapima wewe."

Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Dorkasi aliwaza nyuso, akagundua kwamba hakuzikumbuka, alikumbuka vinywa tu.

"Sikujua," alisema.

"Hukujua. Mimi nilijua, hilo ni langu, sikugawii. Na sitakuzuia. Cheti kinataka saini ya mpimaji, hakitaki ya mkuu." Alichukua penseli nyingine, akaiweka chini tena bila kuinyoa. "Nakuomba jambo moja tu. Siku utakayoandika uniambie asubuhi, nimtoe mama yangu Mihama kabla ya magari. Ana miguu mibovu. Sitaki apandishwe na vijana wasiomjua."

*

Siku ya tisa Dorkasi alikwenda tanuruni. Hakuwa na haki ya kwenda, na hakuwa na la kumtuliza mtu, lakini aliona vibaya Chubwa asubiri kwa furaha. Alimkuta akifyatua, suruali imekunjwa hadi magotini. Alimweleza yote, Mihama, vikapu, kadi elfu tisa. Hakumtaja Nashoni.

Chubwa aliendelea kufyatua mpaka mstari mmoja ukaisha. "Nawajua watu wa Mihama," alisema. "Nusu ya nyumba zao ni matofali yangu. Wana watoto wenye heshima."

"Ndiyo."

"Sasa unaniambia haya ili nifanye nini?"

Dorkasi aliinama, akaondoa jani lililoangukia tofali bichi.

"Nitakwambia unachotaka," alisema Chubwa. "Unataka niseme, basi mama, niache mimi niende, wao wabaki. Halafu wewe urudi nyumbani ukawaambie watoto wako juu ya mzee mmoja mwema. Sisemi. Mke wangu nimemzika pale nyuma ya mgomba, na nafasi ya ubavuni mwake nimeichimba kwa mkono wangu ili wanangu wasije wakapata taabu. Sina kosa hata moja. Watu elfu tisa ni wengi, sikatai, ninawahurumia. Lakini mimi si mgeni na unajua kuwa si mgeni, umesema uani kwetu, mama yangu mdogo akisikia."

"Nimesema."

"Basi kupima ni kazi yako, usinipe mizani niishike mimi." Aliinama, akachota tope, akalipiga ndani ya kibao. "Andika."

Alimwacha akifyatua. Njiani alipita karibu na Mihama, barabara haikuwa na njia nyingine. Wanawake walikuwa wakianika muhogo juu ya mabati. Mmoja alimpungia mkono, akamwita mwalimu. Alikuwa amewahi kumfundisha binti yake. Dorkasi alimjibu, akauliza hali ya binti, akaambiwa amejifungua.

Siku ya kumi alitoa fomu ya cheti, akaandika jina lake na namba yake ya kazi. Siku ya kumi na moja aliandika neno *udongo*, akalikata. Kila asubuhi Nashoni aliinua macho mlango ulipofunguka, akamwangalia Dorkasi, akayashusha tena. Siku ya kumi na mbili saa ya rufaa ilipita Dorkasi akiwa amekaa mbele ya fomu ile, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja kuitwa. Hata baadaye hakuweza kusema ni dakika gani aliyoamua. Alichoweza kusema ni kwamba kalamu ilikuwa na wino.

*

Gari la Alhamisi halikuwa na dereva, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumsihi. Lilisimama mbele ya kituo, likafungua mlango, likataja majina. Siku ile yalikuwa matatu. Bitwale alikuja, akamshika mdogo wake mkono wa shati, akashindwa kuuachia. Mlango ulilia mara mbili, mara tatu, mpaka Chubwa mwenyewe akambandua vidole kimoja kimoja.

Kwa kawaida karani ndiye aliyewasindikiza watu hadi darajani. Dorkasi aliomba nafasi hiyo, na karani akampa kwa shukrani.

"Uliandika?" aliuliza Chubwa, gari lilipoondoka.

"Sikuandika, mzee wangu."

Dorkasi alikuwa amejiandaa kwa laana, hata alikuwa ameitamani. Chubwa aliinuka tu, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, akageuzia uso dirishani.

Darajani ng'ambo kulikuwa na kibanda na afisa mmoja, binti wa miaka ishirini na kitu, mpole, mwenye kofia iliyomzidi. Alipokea fomu mbili, akazigonga muhuri. Ya tatu, ya Chubwa, aliirudisha.

"Samahani, mama. Sheria yetu haituruhusu kumpokea mtu asiyeandikiwa kilima alikozaliwa. Hapa pako wazi."

"Mashine haikupaona mahali penyewe," alisema Dorkasi. "Ilisema tu si kwetu."

"Naelewa. Siku zote karani wenu huwa anajaza." Alimpa kalamu. "Pasipojazwa hatakuwa wa kwenu wala wa kwetu. Atabaki hapa juu ya maji."

Ukutani mwa kibanda palikuwa na ramani ya nchi yao, vilima vimeandikwa kwa herufi ndogo. Dorkasi aliisogelea. Hakukijua hata kimoja. Alitafuta kisichokuwa mbali sana na mto, chenye barabara, akakipata kimoja, akakiandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Kisha akatia saini. Wino ulitoka bila shida.

Chubwa alikuwa amesimama pembeni na furushi lake. "Nisomee," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Kisanza. "Nataka kujua nimezaliwa wapi."

"Mugarika."

"Kuna mto huko?"

"Sijui, mzee wangu."

"Ni kilima kizuri, baba," alisema yule afisa kwa wema. "Wanalima chai. Lakini ukiulizwa njiani usilitamke kama mama huyu alivyolitamka, watakushuku. Vuta pale katikati. Jaribu."

Chubwa aliweka furushi chini, akavua kofia kana kwamba anatambulishwa kwa watu. Alilijaribu jina la kilima chake mara tatu. Mara mbili alilikosea, na mara ya tatu afisa akaitikia kwa kichwa, akamfungulia kizuizi.